Hatari za tabianchi: anza na kabati la mhasibu

Siku hizi ukienda benki hapa Nairobi kuomba mkopo wa mashine, usishangae afisa akikuuliza godauni lako liko umbali gani na mto, au maji mnayapata wapi kiangazi kikikaza. Swali hilo hakulitunga yeye. Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilizipa benki mwongozo wa kusimamia hatari za mabadiliko ya tabianchi, nazo zikaanza kuyateremsha maswali kwa wakopaji. Juu ya hapo kuna viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2, vya Juni 2023, ambavyo chama cha wahasibu, ICPAK, kimepanga viwe lazima kwa kampuni zenye maslahi ya umma, kama benki na zilizoko soko la hisa, kuanzia Januari 2027. Mwenye kampuni ndogo atasema hayo ni ya wakubwa. Haya, lakini kama unakopa au unauzia supamaketi kubwa, fomu ya maswali haya itakufikia tu.

Nimesimamia shughuli za kiwanda kidogo cha unga wa uji pale Industrial Area kwa miaka kadhaa, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia: usianze na ripoti. Ripoti ya kununua kwa mshauri huja na picha nzuri na haina hata namba moja ya kwako. Anza na makaratasi yaliyoko kwenye kabati la mhasibu.

Toa bili za stima za miaka mitatu. Usitazame jumla ya chini, tazama mistari. Kuna gharama ya mafuta, kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kuna mfumuko wa bei, kuna hata tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kisha VAT ya asilimia 16. Umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, upepo na mabwawa ya Mto Tana. Mvua ikikosa, bwawa la Masinga linashuka, mitambo ya mafuta inawashwa kuziba pengo, na gharama yake inakuangukia kupitia ule mstari wa mafuta, kwa kiwango ambacho EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza kila mwezi. Uandike mstari huo peke yake, mwezi kwa mwezi, kando ya misimu ya mvua. Usiuchanganye na ule wa fedha za kigeni, maana shilingi ina matatizo yake mengine. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya nchi. Mwekee mkurugenzi jedwali hilo mezani. Hutahitaji kumhubiria, ataanza mwenyewe kuuliza bei ya paneli za sola.

Ila kwetu stima haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa unyevu.

Kwa kiwango cha Kenya, mahindi hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini (sumu ya kuvu) yote kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sasa fikiria mvua za El Niño za mwisho wa 2023, zilizonyesha wakati mahindi ya Bonde la Ufa yanavunwa. Lori linaingia langoni limefunikwa turubai. Gunia la juu ni kavu, ndilo muuzaji alilokusudia ulione. Unapanda, unachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye gunia la katikati, punje zinateremka kiganjani zikiwa baridi na zimegandamana kidogo. Kipimo kinasoma 16. Dereva ananung'unika, muuzaji anapiga simu kusema mashine yako ni mbovu, na wewe shule zinasubiri unga. Ukiyapokea umenunua kuvu. Ukiyarudisha, mashine inasimama.

Hapo ndipo kazi ya kusimamia hatari ilipo, na hufanywa miezi kabla lori halijafika. Patana na muuzaji mwenye kikaushio, hata kama bei yake iko juu kidogo. Mkataba useme nani anabeba nauli ya lori lililorudishwa. Na weka daftari la malori mliyoyakataa, mwezi, eneo, unyevu. Daftari hilo la karani wa lango lina habari nyingi za tabianchi kuliko ukurasa wowote wenye grafu za rangi.

Mafuriko kila mtu anayakumbuka. Ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare na Mukuru ziliumia vibaya. Katika ofisi nyingi watu walihesabu magunia yaliyolowa wakasahau kuhesabu watu. Wapakiaji wetu wengi hukaa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, karibu na Mto Ngong. Godauni laweza kuwa kavu kabisa na zamu ya asubuhi isije, kwa sababu mtu ameshinda usiku kucha akiokoa godoro na watoto. Kwa hiyo jua wafanyakazi wako wanalala wapi na wanapita njia gani. Tenga kabisa pesa kidogo ya dharura, na kubalianeni mapema kwamba siku kama hiyo haikatwi kwenye mshahara.

Kuhusu jengo lenyewe, muulize soja wa usiku kabla hujamuuliza mhandisi. Yeye ndiye aliyesimama getini saa tisa usiku maji yakipanda. Atakuonyesha ukutani yalifika wapi. Pima hapo, kisha paleti zote za kupangia magunia na swichi kuu ziwe juu ya alama hiyo. Kama umepanga, uliza pia kiwanja kiko umbali gani na mto. Ukanda wa hifadhi ya mto ni kati ya mita 6 na 30, na 2024 serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 waondoke, tingatinga zikafuata. Mwenye nyumba hatakueleza hilo.

Halafu bima. Wengi wana bima ya moto na wanadhani mafuriko yamo. Fungua mkataba utafute neno lenyewe, na utazame kiasi ambacho ni lazima ulipe mwenyewe kwanza. Hasara ya biashara kusimama nayo ni kipengele kingine. Yashughulikie haya Januari, si Aprili maji yakiwa mlangoni.

Wateja nao wana tabianchi yao. Muhula wa pili wa 2024 ulikuwa uanze Aprili 29. Shule zikafunguliwa Mei 13. Unga wa shule ulikuwa umeshapakiwa, tarehe ya mwisho imepigwa muhuri, na pesa ya mahindi imeshatoka. Anayeuzia shule peke yake atafute hata wateja wachache wasiofuata kalenda ya wizara.

Hesabu ya gesi joto, zile zinazopasha dunia joto, wala isikutishe: lita za dizeli za malori na jenereta, yuniti za stima, hayo yatosha kwa mwaka wa kwanza. Ya wauzaji wako itafuata.

Haya yote yasiachiwe kijana mmoja aliyepewa cheo cha afisa uendelevu bila bajeti. Yawekwe kwenye kikao kile kile cha mwezi kinachojadili pesa, na anayenunua mahindi awe na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba kabla hajatia saini oda. Kama mkurugenzi bado anataka wafanyakazi wavae fulana wakapande miti Ngong, waende, ni siku nzuri. Gharama yake iandikwe kwenye bajeti ya matangazo.