Kigogo Kilichopinda Usikishike kwa Mkono

Juzi msomaji mmoja wa Lindi aliniandikia: "Dada, nina vigogo vya mpingo vya futi moja moja, vimepinda kama ndizi. Nivipasueje kwenye msumeno wa meza?" Nilijikuta nakitazama kidole gumba changu cha kushoto, chenye kovu la miaka sita.

Nami nilikuwa na kigogo cha mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini. Nilikishika kwa mikono miwili nikakisukuma. Meno yalipokigusa tu kikabingirika, kikajibana kwenye diski ya msumeno, kikarushwa na kuuvuta mkono. Nilishonwa nyuzi tisa. Kidonda kilipona, ila maneno bado yananiuma: fundi aliyenifundisha alipoona bandeji alisema karakana si mahali pa wanawake. Miezi yote niliyokaa kwake hakuwahi kunieleza kwa nini kigogo hubingirika.

Basi nakueleza mimi. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Ubao ulionyooka hutulia kwa sababu tumbo lote limelala mezani. Kigogo cha mviringo hugusa meza kwa ukanda mwembamba tu. Jino likikidaka kinazunguka nalo, na mkono ulioking'ang'ania unafuata.

Siku hizi nakilaza juu ya plaiwudi iliyonyooka, ndefu kukishinda. Nasokomeza kabari pande zote mpaka kisicheze hata kidogo, kisha nakifunga kwa skrubu ncha zote mbili, mbali kabisa na njia ya meno. Plaiwudi ndiyo inayosukumwa, kigogo kimepanda tu. Nasimama pembeni, si nyuma ya diski. Nikishapata uso mmoja bapa, nakilaza kwa uso huo na kazi inakuwa ya kawaida. Kipande kifupi kuliko kiganja changu hakigusi mashine: nakibana kwenye jiriwa na kuchukua msumeno wa mkono. Mwaka huu nimepasua vigogo vingi hivyo, na najivunia kila kimoja.

Nanyi mnaofunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grainda, ile mashine ya mkononi ya kusagia chuma, nawasihi, ifungueni leo. Mna watoto wanaokula kwa jasho la mikono yenu. Haraka ya mteja isikupeleke hospitali. Mwambie arudi kesho.

Ndugu yangu wa Lindi, nitumie picha ya vigogo vyako kabla hujawasha mashine.