Ni kasi ya kugonga, si tundu peke yake

Hapana kaka, unasema risasi yenye tundu kwenye ncha hufunguka, yaani hupanuka, kila inapogonga; haifunguki tu kwa sababu ina tundu. Kinachohesabika ni kasi iliyobaki inapomgonga mnyama, si ile ya kutoka mtutuni. Nyama na majimaji huingia tunduni kwa nguvu na kulipanua. Kasi ikishuka nusu, msukumo unabaki robo. Risasi nyingi za bunduki za kuwindia zinataka kama mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Chini ya hapo inapita kama msumari, tundu limezibwa na manyoya. Ikizidi mno, inasambaratika kabla ya kufika ndani. Mjomba alikuwa akijijazia risasi zake mwenyewe, baruti na yote, kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya 1977. Bado anayo risasi moja iliyogonga, imefunguka kama uyoga. Za bastola ni hesabu nyingine, hufunguka kwa kasi ndogo zaidi.