Shikio linalia au linavuma? Na hiyo "shoti ya sumaku"

Msomaji wa Wete katuuliza hivi: baba yake ana miaka anasikia kelele mashikioni, sasa yeye kawaandikia ndugu zake kwenye grupu la familia kua "wazungu wanaponya masikio kwa kupiga ubongo shoti ya sumaku". Mwalimu mmoja humo kwenye grupu akamrudi, akasema Kiswahili chake ni "kusisimua ubongo kwa mawimbi ya usumaku". Anataka kujua nani yuko sawa.

Ndugu yangu, wote wawili mna makosa ila wewe lako zito zaidi.

Tuanze na shoti. Sisi shoti tunaijua, ni umeme kukupiga, kwahiyo mzee akisikia neno hilo ataona anakwenda kuwekwa nyaya kichwani atetemeke. Tiba yenyewe haiko hivo. Anakaa kwenye kiti yuko macho kabisa, hapigwi sindano ya usingizi, anawekewa koili ya waya juu ya kichwa, umeme unapita ndani ya koili tu, unazaa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu na ndiyo inayoamsha vijiumeme vidogo kwenye ubongo wenyewe. Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, ndio waliofanya hivi mara ya kwanza 1985. Na mashine yenyewe inagonga ta! ta! kwa sauti hasa, mpaka mgonjwa anazibwa masikio, yani kaja kwa ajili ya kelele akakutana na nyengine.

Huko kugonga ndiko kunakonifanya nisiipende "mawimbi" ya mwalimu. Mawimbi yanafuatana hayakatiki, hii inakuja moja moja, kwa masikio mara nyingi ni moja kila sekunde. Hayo ni mapigo, kama tunavosema mapigo ya moyo. Na "kusisimua" napo pana utata wake, mana kisichosisimka ndicho unachokisisimua, sasa hapa ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kusikia inadhaniwa imezidi kuchangamka, masikio yamepungua nguvu na ubongo wenyewe unaongeza sauti kufidia. Mapigo ya polepole kazi yake ni kuipunguza kasi, ya haraka ndiyo yanayochangamsha. "Kuchochea" ndio usiseme kabisa, tunachochea moto na fitina.

Ama "kuponya", hili ndilo hasa lililonifanya nijibu. Kutibu ni kufanya kazi, kuponya ni kazi kufanikiwa, unaweza kumtibu mtu mwaka mzima na asipone. Na hii tiba kwa masikio bado watu wanabishana. Mwaka 2015 kule Portland, Marekani, walijaribu watu 64, nusu mashine ya kweli nusu ya kuigiza, wakapata nafuu 18 kwa ya kweli na 7 kwa ya kuigiza. Mtu akisoma hapo atashangilia, lakini 2017 Wajerumani wakafanya jaribio kubwa zaidi wasione tofauti ya maana. Marekani iliruhusu mashine hizi tangu 2008 lakini kwa dipresheni, na madaktari wao wa masikio 2014 walishasema isiwe tiba ya kawaida ya kelele za masikio. Kwahiyo neno lake ni kutuliza, na tena useme "inajaribiwa".

Kulia na kuvuma: yote Kiswahili safi, lakini si kitu kimoja. Linalolia ni sauti nyembamba, kama simu au nyenje. Linalovuma ni nzito, kama kusi likishika, na huko kwenu Pemba "shikio lavuma" mtu anaelewa mara moja. Muulize mzee ni lipi, na muulize pia kama linadunda sambamba na moyo, kwasababu la kudunda ni jengine na daktari lazima aambiwe mapema. Sikio au shikio, andika utakalo, ukiwaandikia watu wa nje ya visiwa tu weka sikio.

Mie ningeandika hivi: "Kuna tiba ya mapigo ya sumaku kichwani inajaribiwa kutuliza mlio wa masikio, wako waliopata nafuu na wako wasiopata." Na ile ya shoti ifute kwenye grupu kabla mzee hajaisoma.