Maswali ya Wasomaji: Kairopraktiki Inafaa Wapi, na Wapi Isikaribishwe?

Barua kuhusu kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono, zimekuwa nyingi hata tumeamua kuzipa safu nzima. Tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Mimi ni dereva wa basi la mikoani. Kiuno kinaniuma kwa mwezi wa tano sasa, hasa nikiamka asubuhi na nikimaliza safari ndefu. Hospitalini nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima, nikapewa vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki. Mwenzangu alitibiwa na mtaalamu wa kairopraktiki Dar es Salaam na anadai amepona kabisa. Nami niende, au ni biashara ya watu tu?
*Dereva, Mwanza*

Unaweza kwenda, ndugu yetu, ilimradi ujue unachokilipia. Fani hii ilianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, hakuwa daktari; alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, na alidai kwamba alimrudishia uwezo wa kusikia mfanya usafi wa jengo lake, Harvey Lillard, kwa kusukuma pingili moja ya mgongo. Kutokana na tukio hilo alihitimisha kwamba karibu maradhi yote ya binadamu husababishwa na pingili zilizohama na kuibana mishipa ya fahamu. Hitimisho hilo halijapata kuthibitishwa, na mwaka 2010 hata baraza linalosimamia wataalamu wa kairopraktiki nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti unaoonyesha kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba akikugusa mgongo atakuponya kisukari, pumu au shinikizo la damu, muage kwa heshima uondoke.

Maumivu ya kiuno ni habari nyingine, na hapa tiba hii ina la kujivunia, ingawa si kubwa kama inavyotangazwa. Uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani ulionyesha kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno, kusukumwa pingili hupunguza maumivu kwa wastani wa alama kama 10 kati ya 100 katika majuma sita ya kwanza, yaani mtu ambaye bila tiba hiyo angeyapa maumivu yake alama 60 huyapa 50, nafuu inayokaribiana na ile ya vidonge vya jamii ya diklofenaki. Kwa maumivu yaliyozidi miezi mitatu, kama yako, uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulikuta kwamba matokeo yake yanalingana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno ambao unaiweka tiba hii miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno, ile ile inayopitishwa madirishani mwa mabasi yenu kila stendi.

Ukienda, tazama kwanza namna unavyopokewa, kwa sababu mtaalamu wa kweli huanza na maswali na vipimo kabla ya kukulaza. Atauliza maumivu yalianza lini, kama yanashuka mguuni, kama haja ndogo na kubwa zinatoka kama kawaida, kama uliwahi kuugua saratani au kuanguka. Atakulaza chali na kuuinua mguu mmoja ukiwa umenyooka, atagonga goti kwa kinyundo, atakuagiza utembee kwa visigino kisha kwa vidole. Baada ya hapo ndipo atakulaza ubavu, akunje goti lako la juu, aweke kiganja kwenye sehemu ya chini ya mgongo na kusukuma mara moja kwa haraka. Wagonjwa wapatao nusu au zaidi huhisi ukakamavu, uchovu au maumivu kidogo baadaye, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili.

Kama fedha ni tatizo, anza na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mazoezi utakayofundishwa huko utayafanya mwenyewe kila unapopumzisha gari, jambo ambalo mikono ya mtu mwingine haiwezi kukufanyia.

Nimelipia vikao 24 kwa mkupuo, kwa sababu nilielezwa kwamba mlio unaosikika mgongoni ni mfupa unaorudi mahali pake, na kwamba bila kuendelea utahama tena. Ni kweli?
*Mfanyakazi wa benki, Nairobi*

Si kweli. Ndani ya kiungo mna majimaji. Nyuso mbili za kiungo zinapotenganishwa ghafla, pengo la gesi hujitokeza ndani ya majimaji hayo na mlio husikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliliona tukio hilo kwa kipimo cha MRI mwaka 2015 walipokuwa wakivuta vidole. Pingili yako haikuwa imehama, na kwa hiyo haina pa kurudi. Kuhusu malipo, tunaona kwamba kumuuzia mtu vikao 24 kabla hata cha kwanza hakijaonyesha matokeo ni kumfunga mteja, wala si kumtibu mgonjwa. Kama vikao vinne hadi sita havijakuletea nafuu unayoweza kuitaja, kwa mfano kukaa kitini muda mrefu zaidi au kulala bila kuamka, omba urudishiwe fedha zilizosalia.

Nina umri wa miaka 68 na nimestaafu. Shingo yangu hukaza, na kinyozi wangu kila akimaliza huizungusha hadi ilie, nami hupata raha. Mwanangu amenionya kwamba naweza kupata kiharusi. Natumia warfarini kwa ajili ya moyo. Je, niende kwa mtaalamu wa kairopraktiki badala ya kinyozi?
*Mstaafu, Mombasa*

Shikamoo mzee. Mwanao ana haki ya kuhofu, nasi tunakuomba kuanzia leo umwambie kinyozi aishie kwenye nywele.

Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda nyuma ya ubongo ikipita katika matundu madogo yaliyo kwenye pingili za shingo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa mmoja unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, na bonge likapanda hadi ubongoni. Tukio hili ni nadra, na wanasayansi hawajaafikiana kuhusu ni mara ngapi mikono ndiyo inayolisababisha. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba baadhi ya wagonjwa wa kiharusi cha aina hii walikuwa wamemwona mtaalamu wa kairopraktiki siku chache kabla, lakini pia wengi walikuwa wamemwona daktari wa kawaida, jambo linaloashiria kwamba huenda mshipa ulikuwa umeshaanza kuchanika na maumivu ya shingo ndiyo yaliyowapeleka kutafuta tiba. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba uhusiano upo japo haijathibitika kuwa mkono ndio chanzo, na kikasema mgonjwa aelezwe hatari hiyo kabla ya shingo yake kusukumwa.

Sisi tunaupima hivi: nafuu inayopatikana shingoni ni ndogo, mazoezi mepesi na kukandwa polepole huleta nafuu ya namna hiyo, na kinachoweza kupotea ni kikubwa mno. Kwa mtu wa umri wako anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, msukumo wa ghafla wa shingo haufai, awe anaufanya kinyozi au mwenye shahada. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia, naye umtajie warfarini kabla hajakugusa. Nchini Kenya wataalamu hao wana baraza lao la usajili kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014, na si utovu wa adabu kuomba kuona cheti.

Ikitokea ukapata maumivu ya shingo au kichwa ambayo hujawahi kuyapata, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au kuyumba unapotembea, upelekwe hospitali saa ileile.

Mwanangu ana miezi miwili na hulia kila jioni kwa muda mrefu. Dada yangu anayeishi Toronto anasema huko watoto hupelekwa kwa wataalamu wa kairopraktiki. Nimtafutie?
*Mama, Tanga*

Usimtafutie, mama. Ushahidi kwamba tiba hii hutuliza kilio cha mtoto mchanga ni dhaifu, na kilio chenyewe kwa kawaida hupungua mtoto anapokaribia miezi mitatu au minne. Nchini Australia, Machi 2019, bodi inayowasimamia wataalamu hawa iliwaelekeza waache kusukuma pingili za watoto walio chini ya miaka miwili. Bibi akimpaka mafuta na kumkanda kwa upole hakuna ubaya, lakini asimvute viungo wala kumzungusha shingo kwa kile kinachoitwa kumnyoosha. Mtoto akiwa na homa, akikataa kunyonya au akitapika matapishi ya kijani, mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Baba yangu ni mfugaji, ana miaka 55. Mgongo umemuuma tangu kabla ya masika, amekonda, na jioni hupata homa na jasho. Kijana mmoja mwenye chumba cha mazoezi mjini, ambaye hunyoosha watu migongo na kuwarekodi video, amesema atamnyoosha kwa bei nafuu. Tumpeleke?
*Binti yake, Manyara*

Msimpeleke, tafadhali, na barua hii tungependa ungeituma mapema zaidi. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kukonda, homa za jioni na jasho yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili, ugonjwa ambao huweza kula mfupa taratibu bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Kwa mfugaji yapo pia maambukizi ya brusela, yanayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mimba iliyoharibika ya ng'ombe au mbuzi. Saratani nayo haiwezi kuondolewa kwenye orodha kabla ya vipimo. Pingili iliyoliwa ikisukumwa huweza kuvunjika na kubana uti wa mgongo, na ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inaitaja kifua kikuu cha uti wa mgongo miongoni mwa hali zinazokataza kabisa kusukuma pingili. Miongozo hiyohiyo inataka mtaalamu wa kairopraktiki awe amesoma si chini ya saa 4,200 katika miaka minne. Huyo kijana mumuulize yeye alisoma wapi.

Mpelekeni hospitali ya wilaya wiki hii. Mkifika msiseme "mgongo unamuuma" peke yake, kwani atapewa vidonge arudi nyumbani. Tajeni homa za jioni, kukonda, mifugo, maziwa mabichi na idadi ya miezi, kisha ombeni apimwe kifua kikuu na brusela na apigwe picha ya mgongo. Kifua kikuu hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Akianza kuhisi ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au mkojo kumtoka au kumzuia, msisubiri zamu ya kliniki, aingie kama mgonjwa wa dharura.