Chupa ya kinyama iko nyumbani, jeni zitapimwaje?

SWALI: Daktari, asalam alaykum. Mwanangu wa miaka 6 alitolewa uvimbe nyuma ya ubongo huko Mombasa. Nikapewa chupa yenye kinyama cha uvimbe nikipeleke maabara, lakini pesa hazikutosha. Leo ni siku ya 9 iko nyumbani. Sasa kunatakiwa kipimo cha jeni, na damu ya mtoto pia. Wifi yangu anasema ugonjwa huu uko kwenye ukoo wetu, nami nina wengine wawili. Nifanyeje?
Mama, Shella, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Pole sana, Mungu amshufie mwanao. Tuanze na chupa, ya ukoo yatafuata.

Usingoje pesa za jeni. Ipeleke chupa kesho asubuhi, uombe jambo moja: kinyama kiwekwe kwenye nta. Ndiyo kazi ya kwanza ya maabara ya patholojia, na gharama yake ni ndogo kuliko ya jeni. Kikishaingia kwenye nta hukaa miaka, na jeni zitapimwa mkijaliwa. Kinachokiharibu sasa ni formalini yenyewe, ile dawa ya kuhifadhi iliyomo chupani: ikizidi saa 72 huendelea kuikatakata DNA, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Huenda baadhi ya majibu yasitoke, lakini usikitupe. Waeleze siku na saa kilipotiwa ndani. Formalini inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Ikiwa kimebanana chupani, dawa haifiki katikati na huko huoza, kwa hiyo waambie pia. Hadi ufike, kaza kifuniko, iweke kivulini mbali na watoto, maana mvuke wake huwasha macho na kifua. Usiigandishe kwenye friza wala usiongeze maji.

Kwa nini jeni? Uvimbe wa mahali hapo waweza kuwa meduloblastoma, saratani ya ubongo inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine. Tangu 2012 wataalamu wamekubaliana kuwa ina makundi manne: WNT, SHH, la tatu na la nne. Kwenye hadubini mara nyingi hufanana, mwenendo wake sivyo. Katika WNT, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona wakipata tiba kamili, ndiyo maana watafiti wanajaribu kuwapunguzia mionzi. Kundi la tatu, hasa jeni ya MYC ikiwa imejirudiarudia, ni gumu. Ikiwa kipimo cha jeni hakipatikani, mwombe daktari aagize rangi nne za kingamwili, zinazopakwa kwenye kinyama ili kuonyesha protini zake: beta-katenini, GAB1, YAP1 na p53. Zinatambua WNT na SHH, ingawa la tatu na la nne hubaki pamoja. Kwetu sisi huo ni msaada mkubwa.

Damu nayo ni mililita 3 hadi 5 katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, na ni bora itolewe kabla mtoto hajaongezewa damu ya mtu mwingine. Inalinganishwa na uvimbe. Kwa watoto wengi hitilafu ya jeni imo kwenye uvimbe peke yake, na hapo nduguze hawana la kuogopa. Ikionekana na kwenye damu, kwa mfano katika jeni za TP53 au PTCH1, nanyi wazazi mtapimwa. Mmoja wenu akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Hata mionzi itafikiriwa upya, kwa sababu watoto hao huweza kupata saratani nyingine pale ilipopita. Wifi yako hawezi kuyajua haya kwa kuhesabu marehemu wa ukoo, na wala si wewe uliyemletea mtoto maradhi.

Jambo moja halingoji jeni. Ikithibitika ni meduloblastoma, kwa umri wake mionzi hulengwa kuanza kabla ya siku 49 tangu upasuaji. Hesabu siku zako leo, na uombe miadi ya kliniki ya saratani hata kabla ya majibu kutoka.