Wanataka kukuona ukifundisha

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni ajiandae vipi? Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, na siku hizi hukaa pia upande wa pili wa meza, pamoja na wanaosaili. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu huniuma sana nikiona mwalimu mzuri akikosa kazi aliyoistahili kwa kuwa alijiandaa kwa maswali ambayo hayana uzito.

Wengi hukesha wakikariri majibu ya maswali ya jumla: tueleze habari zako, una nguvu gani, una udhaifu gani, kwa nini umechagua shule yetu. Maswali hayo yapo na yataulizwa, lakini hupita haraka. Kinachoamua ni pale msaili anapoegemea kiti na kusema: haya, nifundishe. Kuanzia hapo tunaacha kusikiliza habari zako, tunaanza kumtafuta mwanafunzi katika kila unalolisema.

Chukua swali linaloulizwa mno. Utamwelezaje mwanafunzi tofauti kati ya "I lost my keys" na "I have lost my keys"? Wasailiwa wengi hukimbilia istilahi: wakati uliopita, hali timilifu, kitenzi kisaidizi. Yote ni sahihi. Ila mwanafunzi wa kiwango cha chini angekuwa ameachwa njiani tangu sentensi ya kwanza, na sisi tuliouliza tunaijua sarufi hiyo tayari. Tunachotaka kusikia ni maneno yale yale utakayoyatamka darasani.

Jibu linalonifurahisha huanza na tukio. Mwalimu anajipapasa mifukoni, anapekua mkoba, anachora mlango ubaoni na kusimama mbele yake amekunja uso. Anasema: "I have lost my keys." Kisha anauliza maswali mafupi kwa Kiingereza chepesi. Funguo ninazo sasa? Hapana. Naweza kuingia ndani? Hapana. Nimesema zilipotea lini? Hujasema. Halafu anaandika sentensi nyingine, "I lost my keys on Monday", anauliza tena. Lini? Jumatatu. Na sasa ninazo? Hapo darasa linasita, maana sentensi haituambii. Pengine zilipatikana siku ya pili yake. Anachora mstari wa wakati: kwa sentensi ya Jumatatu anatia alama moja nyuma na kuifunga, kwa ile ya kwanza anavuta mshale kutoka nyuma hadi leo. Kanuni inakuja mwisho, ikitoka midomoni mwa wanafunzi wenyewe. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache, na msaili ameshaona jinsi unavyofikiri.

Basi maandalizi yako yawe ya namna hiyo. Chagua vipengele vinavyosumbua wanafunzi: "since" na "for", "must" na "have to", "used to do" na "be used to doing", "a" na "the", sentensi za masharti zenye "if". Kwa kila kimoja tafuta tukio moja linaloonekana, maswali matatu ya kupima kama maana imeingia, na kosa moja ambalo mwanafunzi huenda akalifanya. Kisha fundisha kwa sauti, mbele ya mtu. Dada yako, jirani, rafiki unayekaa naye, yeyote anayekubali kukusikiliza na kukukatiza asipoelewa. Kusoma kimyakimya hakutoshi, kwa sababu kichwani kila maelezo huwa mepesi. Ni ulimi unaogundua kwamba sentensi yako ina maneno ishirini na mwanafunzi anaweza kubeba sita.

Jua pia viwango vya lugha. Shule nyingi duniani hutumia mfumo uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unaoanzia A1 kwa mwanafunzi anayeanza kabisa na kuishia C2 kwa aliyebobea. Ukiambiwa darasa lako ni la B1, ujue unazungumziwa mtu anayeweza kujimudu safarini, kusimulia lililompata na kutoa sababu fupi za maoni yake, lakini bado anakwama mazungumzo yakienda kasi. Andalio la somo lisilotaja kiwango hutuambia kwamba mwalimu hajui anaongea na nani.

Na hao wanafunzi wanatoka lugha gani? Ukishajua shule iko wapi, tumia jioni moja kuchunguza makosa ya kawaida ya wasemaji wa lugha ya huko. Msemaji wa Kihispania huelekea kutanguliza irabu kabla ya "school" au "Spain". Kiarabu sanifu hakina sauti ya "p", kwa hiyo "park" hugeuka "bark". Kijapani hakitenganishi "l" na "r" kama Kiingereza, na wala hakina maneno ya kulingana na "a" na "the". Kirusi vilevile hakina. Mfaransa atakuambia "I have seen him yesterday" kwa sababu muundo unaofanana na huo kwake ni sahihi kabisa. Mwalimu akiyataja mambo kama haya kwenye usaili, na akasema atafanya zoezi gani kuyatibu, meza nzima huinua macho.

Ukitakiwa kutoa somo la mfano, jiulize jambo moja tu: dakika hizo zikiisha, mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho mwanzoni hakukiweza? Lengo likishajibika hivyo, mengine hujipanga. Walimu wengi huharibu somo la mfano kwa kuongea mno. Wanataka kuonyesha Kiingereza chao, na wanafunzi wanabaki watazamaji. Toa maelekezo mafupi, onyesha mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wote, ndipo uwaachie wafanye wawili wawili huku ukizunguka kusikiliza. Usiulize "mmeelewa?" Darasa lolote litaitikia ndiyo. Uliza swali ambalo jibu lake litakuonyesha kama wameelewa kweli. Uwe tayari pia kufundisha kwa chaki na ubao mtupu, maana wasaili wengine hukuuliza makusudi utafanya nini projekta ikigoma.

Kuhusu vyeti. CELTA, cheti cha ualimu wa Kiingereza kinachotolewa na Cambridge, kinaheshimiwa kwa sababu, ndani ya saa zisizopungua 120 za mafunzo, mwalimu husimama mbele ya wanafunzi halisi kwa saa 6 huku akipimwa. Kama cheti chako ni cha mtandaoni na hakikuwa na mazoezi ya kufundisha, swali litakuja: umewahi kumfundisha nani? Hapo taja ukweli wako wote. Kumfundisha binamu aliyekuwa akijiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kusaidia darasa la jioni la watu wazima, kumsahihishia mfanyakazi mwenzako barua zake. Huko nako ni kufundisha. Eleza mtu mmoja alikuwa wapi alipoanza, ulifanya nini naye, na alifika wapi. Mfano mmoja ulioelezwa vizuri unatosha.

Sasa niliseme lile ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hulihofia. Utaulizwa, waziwazi au kwa kuzunguka: Kiingereza si lugha yako ya kwanza, kwa nini tukuajiri? Tafadhali usijibu kwa kuomba radhi. Walimu wengi wa Kiingereza duniani hawakuzaliwa nacho. Wewe umelipita lango ambalo mwanafunzi wako anagonga. Unakumbuka kwa nini "th" ilikusumbua, unajua kanuni ulizolazimika kuzitafuta wakati aliyekulia ndani ya lugha hana haja ya kuzijua, na umeshaishi na lugha zaidi ya moja, kwa hiyo tofauti ya miundo haikushangazi. Sema hivyo kwa utulivu, kisha toa mfano wa jambo lililokuwa gumu kwako na njia unayolifundishia leo. Lafudhi isikutishe: kinachotakiwa ni kueleweka na kuwa thabiti. Nimeona wasailiwa wakivaa lafudhi ya kuazima, wakaitunza kwa dakika kumi, kisha ikawaponyoka katikati ya sentensi na kujiamini kukaondoka nayo. Ongea kwa sauti yako, polepole, ukitamka kila neno likamilike.

Ila kabla ya kuomba, chunguza sheria ya nchi unakotaka kwenda. Korea Kusini, kwa mfano, viza ya E-2 ya walimu wa lugha hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi 7 tu zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza, hata uwe hodari kiasi gani. Ni haki nikisema kwamba kanuni hiyo inanikera, lakini ni heri uijue mapema kuliko kupoteza nauli na matumaini.

Madogo madogo nayapita. Usaili ukiwa wa video, hakikisha ni saa ngapi kwako na kwao, jaribu kamera na maikrofoni mapema, na uwe na karatasi nyeupe na kalamu nene ya kuandikia mfano uuonyeshe. Kazi ikihusu watoto, tarajia maswali ya ulinzi wa mtoto na ombi la hati ya polisi ya mwenendo mwema. Anza kuishughulikia sasa, maana mara nyingi huchelewa.

Mwishoni watakuuliza kama una maswali. Kuwa nayo. Uliza darasa lina wanafunzi wangapi, kitabu gani kinatumika, mwalimu mpya anasaidiwa na nani, na vipindi ni saa ngapi kwa wiki. Hilo la mwisho lisisitize: mkataba ukisema saa 25, uliza kama ni za kufundisha peke yake au maandalizi na usahihishaji vimo ndani, kwa sababu saa 25 za kufundisha ni wiki nzito sana ukijumlisha kazi inayozunguka kila kipindi. Uliza nani analipia viza, nyumba ipo au haipo, na likizo inalipwa au hailipwi. Msaili mwema hachukizwi na maswali haya. Akichukizwa, au akikujibu kwamba mtayazungumza ukishafika, omba uandikiwe majibu yake kabla hujatia sahihi.