Kisiwa cha Hatteras na meli zilizozama

SWALI: Mhariri, mbona nje ya kisiwa cha Hatteras, North Carolina, panaitwa makaburi ya meli? Na kweli Wajerumani walifika hadi pale?

JIBU: Walifika. Hatteras ni kipande chembamba cha mchanga tu, ila nje yake kuna mafungu ya mchanga chini ya maji yaitwayo Diamond Shoals yanahamahama, leo nahodha anapita kesho anakwama, hata USS Monitor, manowari ya chuma, ilizamishwa na dhoruba karibu na hapo Desemba 1862. Halafu 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi za Ujerumani zikawa zinavizia meli usiku, na Mei HMT Bedfordshire, meli ya doria ya Uingereza, ikapigwa, wote waliokuwemo wakafa. Maiti 4 zilisukumwa ufukweni Ocracoke, kisiwa jirani, wenyeji wakawazika kwa heshima, jambo linanigusa mno. Feri ya magari kutoka Hatteras ipo, ukipata nafasi nenda kayaone makaburi yao.